Mshono wa Akiba

Mbuke alikuja Jumatatu na kitambaa cha zambarau,
mita tatu na nusu, kina vinyota.
Mdogo wake anaagwa Jumamosi.
"Fundi, usinipime leo," akasema.
"Nishonee ya kiuno cha Jumamosi."

Nikacheka. Futi yangu haisomi kesho.
Nikampima hivyo hivyo, amebana pumzi:
inchi thelathini na nane. Andika thelathini na tano, akasema.
Nikaandika. Chini yake, kwa penseli, nikaandika ya kweli.

Kwenye simu alikuwa na ratiba ya siku saba,
yeye alikuwa nazo tano.
Ya kwanza, kabichi ya kuchemsha, bila chumvi.
Ya pili matango, matango, na maji ya ndimu.
Ya tatu yai asubuhi, yai jioni,
katikati kumeza mate.
Ya nne sikumbuki. Nadhani ilikuwa ya harufu tu.

Banda langu liko Kirumba, linatazama njia ya Mwaloni.
Dagaa hupita hapa kwa magunia,
na Mama Ng'wasi, ukuta kwa ukuta nami,
hukaanga sato kuanzia saa tano.
Alhamisi Mbuke akaja kujaribu.
Akasimama mbele ya kioo, mkono juu ya cherehani,
midomo imekauka kama michembe.
Mafuta ya jirani yakaanza kuchachatika
na yeye akaanza kulia, bila sauti,
huku akiniuliza, "Imeingia, fundi? Imeingia?"
Iliingia. Zipu ilipanda kama mtu wa mzigo anavyopanda Bugando,
ikapumzika njiani mara mbili, ikafika.
Akanikumbatia. Mikono yake ilikuwa ya baridi,
na jua la Mwanza lile, la mchana.

Sikumwambia neno.
Mama yangu, kule Magu, mwaka ule mvua ilipokosa,
alijikaza kanga tumboni kwa mafundo mawili
ili tusisikie tumbo lake likiongea.
Alipungua sana. Hakuna aliyemwomba siri.
Wanawake walimwita pembeni kisimani
wakamuuliza, "Una nini, mwenzetu?"
Nimeshona miaka ishirini na miwili na bado sijui
nimweleze vipi mtoto wa watu
kwamba njaa haijui kama umeialika.

Jumamosi alipendeza, niseme kweli.
Alicheza nyimbo mbili, akakaa.
Pilau ikapita mbele yake kama mgeni wa meza nyingine.
"Umepungua! Umefanyaje?"
Akatoa simu. Wasichana sita wakainamia ile ratiba.

Ukishuka kutoka hapa hadi ufukweni
utayakuta mawe yetu, moja limekalia jingine,
yana matumbo, yana makalio,
wageni wanatoka mbali kuyapiga picha
na hakuna aliyewahi kuyatajia kabichi.
Ubavuni yana mistari myeupe:
hapa maji yalifika, hapa yalishuka,
hapa yakarudi, yakapita, yakaingia mpaka vibandani.
Ziwa nalo lina futi yake. Halifuti namba.

Wiki ya tano, Mbuke mlangoni,
gauni kwenye mfuko, macho chini.
"Niliifua, fundi. Kitambaa kimerudi."
Nikaipokea. Kweli, kuna kilichorudi.

Nikaigeuza ndani nje.
Pale kwenye mbavu, kushoto na kulia,
vidole viwili viwili vya kitambaa
nilivyovikunja kimya kimya na kuvilaza kwa pasi.
Mafundi wenye haraka huvikata.
Nikachukua wembe, nikaanza kufumua,
na vinyota vilivyokuwa gizani tangu ile Alhamisi
vikatoka vinang'aa kuliko wenzao.

Mama Ng'wasi akapenyeza kichwa:
"Huyu sato wa mwisho, wa nani?"

Mbuke akanitazama kama anayeomba ruhusa.
Nilikuwa na pini mdomoni, sikuweza kujibu.
Nikasogeza gauni pembeni,
sahani ipate pa kukaa.